Kabla Hujakubali Vinia kwa Ajili ya Doa Dogo

Ukimwonyesha daktari wa meno doa dogo kwenye jino la mbele, naye akakwambia dawa yake ni vinia ya kauri, yaani ganda jembamba la kubandikwa mbele ya jino, muulize jambo moja kabla ya mengine yote: enameli yangu, lile tabaka gumu la nje la jino, itapungua kiasi gani? Wengi hukimbilia kuuliza rangi itakuwaje na itadumu miaka mingapi. Ni maswali ya haki, ila majibu yake yamo ndani ya lile la kwanza. Kauri iliyoshikana na enameli hukaa mdomoni miaka na miaka bila kusumbua. Kauri ileile ikibandikwa kwenye jino lililochongwa mpaka enameli ikaisha, hiyo ni habari nyingine.

Mimi ninayo vinia moja, kwenye jino la mbele la juu, upande wa kushoto. Jino lililo pembeni yake, la kulia, lilikuwa na madoa meupe yaliyonikera karibu sawa na kasoro ya lile la kushoto, lakini halikuwekewa kauri hata kidogo. Leo ukiyatazama meno hayo mawili, hutajua lipi lilifanyiwa nini. Yalikaa mdomo mmoja, kasoro zake zilikuwa ndogo zote mbili, na bado kila moja lilihitaji njia yake. Ndiyo maana siamini daktari anayetoa jibu moja kwa meno yote kabla hajayachunguza moja moja.

Kasoro ya jino la kushoto ilianza kabla halijaota. Nikiwa mtoto wa umri wa kuanza kutembea nilianguka kifudifudi, jino la utoto likasukumwa juu, likazama kwenye ufizi. Mama anakumbuka damu. Mimi sikumbuki kitu. Jino la utoto lilipona, lakini ndani ya mfupa jino la ukubwani lilikuwa bado linajengwa. Enameli ya meno ya mbele ya juu huanza kutengenezwa mtoto akiwa na miezi 3 au 4 hivi, na kazi hiyo huendelea mpaka miaka 4 au 5. Seli zinazoijenga zikiumizwa katika muda huo, au jino la utoto likioza mpaka likatunga usaha kwenye mzizi, jino litakalofuata linaweza kutoka na alama: doa la manjano au la kahawia, kishimo, au sehemu ambayo enameli ni hafifu. Madaktari huliita jino la Turner. Langu lilitoka na doa la kahawia lenye vishimo vidogo katikati ya uso wake, mahali panapoonekana mara tu midomo inapofunguka.

Nimesikia mara nyingi watu wenye meno ya namna hii wakiambiwa hawapigi mswaki. Inaniuma kila nikisikia, kwa sababu alama hizi haziko juu ya jino bali ndani ya enameli yenyewe, na mswaki hauwezi kuzifikia. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusugua. Aliifuatilia siri hiyo kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya sehemu zilizoathirika, jibu likapatikana: fluoridi nyingi katika maji ya kunywa, inayoingia mwilini wakati meno ya mtoto yanajengwa. Watoto wale hawakuwa wachafu. Walikunywa maji tu. Madoa mengine hutokana na homa kali za utotoni, au dawa za jamii ya tetrasaiklini zilizomezwa katika umri huo, au utando wa bakteria uliojikusanya kuzunguka vyuma vya kunyoosha meno na kunyonya madini ya enameli. Ukijua doa lako limetoka wapi, umeshajua nusu ya matibabu yake, kwa sababu chanzo ndicho kinachoamua doa limeingia kina gani.

Enameli ni kitu cha kuheshimiwa. Kwa uzito, takriban asilimia 96 yake ni madini, na hakuna sehemu ya mwili iliyo ngumu kuishinda. Lakini seli zilizoitengeneza hutoweka jino linapoota. Kwa hiyo enameli ikikatwa haioti tena, si kwa lishe, si kwa dawa ya mswaki, si kwa kitu chochote kinachouzwa. Na si nyingi hivyo. Kwenye jino la mbele la juu huwa na unene wa milimita 1 hivi karibu na ncha ya kung'atia, ikishuka mpaka chini ya nusu milimita karibu na ufizi. Chini yake kuna dentini: laini zaidi, ya manjano zaidi, yenye unyevu, na yenye vijitundu vingi mno vinavyoelekea kwenye neva. Unapoona jino lililochongwa sana linashtuka kwa maji baridi, ni dentini iliyofunuliwa.

Vinia yenyewe ni ganda jembamba la kauri linalofunika uso wa mbele wa jino. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.3 na 0.7. Linganisha namba hizo na zile za enameli na utaona kwa nini sehemu ya karibu na ufizi ndiyo inayomtia daktari mwangalifu wasiwasi. Mkono ukiteleza kidogo tu, enameli ya pale imekwisha.

Wazo la kufunika meno kwa maganda si jipya. Miaka ya 1930, daktari Charles Pincus wa California alikuwa akiwatengenezea waigizaji wa filamu za Hollywood maganda ya kuvalia meno mbele ya kamera. Yalishikiliwa kwa unga uleule wa kubandikia meno ya bandia, na filamu ikiisha kupigwa yalivuliwa. Hayakuweza kukaa, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuigandisha kauri kwenye jino lililo hai. Mlango ulifunguka mwaka 1955, pale Michael Buonocore, huko Rochester, New York, alipoonyesha kwamba ukiipaka enameli asidi ya fosforasi kwa sekunde chache, uso wake huchimbika vijitundu visivyoonekana kwa macho, na plastiki ikimiminwa juu yake hujikita humo na kushika. Rafael Bowen akaleta rezini imara, yaani plastiki inayomiminwa ikiwa laini kisha ikagandishwa, iliyopata hataza mwaka 1962. Kisha mwaka 1983 zikachapishwa kazi za Harold Horn, na za Richard Simonsen na John Calamia, zilizoonyesha kwamba kauri nayo inaweza kuchimbwa kwa asidi, safari hii ya hidrofloriki, ili rezini ishike pande zote mbili. Vinia tunazoziona leo zimetokana na hapo.

Nguvu ya vinia basi inatoka kwenye muunganiko. Ganda hilo likiwa mkononi mwa fundi, ukilibana vibaya kwa vidole linavunjika. Ni kama kigae cha sakafuni: kabla hakijawekwa ukikikanyaga pembeni kinapasuka, kikishalala juu ya saruji ngumu unaburuta kabati juu yake. Enameli ndiyo sakafu ngumu. Dentini hupinda kidogo jino linapouma, na unyevu wake huisumbua gundi, kwa hiyo vinia iliyolala zaidi juu ya dentini huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupasuka, kubanduka au kuvuja pembeni. Mapitio ya tafiti za muda mrefu yanaonyesha kwamba zaidi ya vinia 9 kati ya 10 huwa bado zipo baada ya miaka 10. Ni matokeo mazuri sana kwa kitu chembamba namna hiyo, lakini tafiti hizohizo zinaonyesha pia kwamba zinazoharibika mapema mara nyingi ni zile zilizowekwa kwenye meno yaliyobaki na enameli kidogo, au kwenye vinywa vya watu wanaosaga meno usingizini.

Kliniki ya kwanza niliyoingia ilinipendekezea vinia nane. Sikuwa nimelalamikia meno nane. Nilionyeshwa kwenye skrini tabasamu lililotengenezwa na kompyuta, meno meupe yaliyolingana kabisa, na nikaambiwa kwamba ukirekebisha moja lazima urekebishe na mengine ili rangi zifanane. Nilipouliza meno yatachongwa kiasi gani, nilijibiwa "kidogo tu". Nikaomba kuambiwa hiyo kidogo ni milimita ngapi, na mazungumzo yakahamia kwenye tarehe ya miadi. Nikashukuru nikaondoka. Sisemi kwamba kila anayependekeza vinia nane ana nia mbaya. Wapo watu ambao meno yao yote ya mbele yamebadilika rangi au yamelika, na kwao idadi hiyo ni ya haki. Lakini mwenye kasoro kwenye jino moja na madoa kwenye la pili hana sababu ya kuchonga meno sita mazima, yasiyo na tatizo, ili yaendane na lile moja. Fundi stadi hulifanya lile moja liendane na sita.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo, na nalisema kwa uzito wote. Baadhi ya watu hulala kwenye kiti wakiamini wanawekewa vinia, kumbe meno yao yanachongwa pande zote, mbele, nyuma na ubavuni, mpaka yanabaki vijiti, kisha yanavalishwa kofia nzima. Kofia ya jino ni tiba halali kwa jino lililooza sana au kuvunjika. Kwa jino zima lenye doa, ni uharibifu. Daniel Edelhoff na John Sorensen walichapisha mwaka 2002 vipimo vyao vya kiasi cha jino kinachoondolewa kwa kila aina ya uchongaji kwenye meno ya mbele. Kwa vinia, sehemu ya juu ya jino ilipoteza asilimia 3 hadi 30 ya uzito wake. Kwa kofia nzima ya kauri, asilimia 63 hadi 72. Ukiona picha za meno yaliyochongwa yakawa membamba na yenye ncha, kisha aliyeziweka akaandika kwamba anawekewa vinia, jua kwamba hizo si vinia. Na meno yaliyochongwa hivyo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa neva kufa na kuhitaji matibabu ya mzizi miaka inayofuata.

Daktari niliyebaki naye hakuanza na kauri. Alianza kwa kunikausha meno. Alipuliza hewa kwenye jino la kulia, akanipa kioo, na madoa yangu meupe yakawa meupe mara mbili ya nilivyoyazoea. Kisha akatona juu yake alkoholi kidogo, na doa likafifia mbele ya macho yangu mpaka karibu kupotea. Nilidhani ameliponya. Akanieleza kwamba ule ulikuwa uchunguzi tu.

Doa jeupe ni enameli iliyopoteza madini ndani na kubaki na vijitundu. Enameli nzima ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.62. Maji yana 1.33, na hewa 1.00. Vijitundu vikiwa na mate, mwanga unapopita kutoka enameli kuingia kwenye maji hupinda kiasi, na doa linaonekana kidogo. Vikiwa na hewa tofauti ni kubwa, mwanga hutawanyika na kurudi, na jicho linaona weupe. Alkoholi huingia upesi ndani ya vijitundu na ina kipimo kilicho karibu zaidi na cha enameli kuliko maji, hivyo doa likififia kwa alkoholi kuna matumaini kwamba litafifia pia kwa rezini, ambayo ikikauka haitoki. Tiba yenyewe, iliyobuniwa na watafiti wa Ujerumani, hufanyika hivi: uso wa doa hufunguliwa kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 15 kwa dakika 2, husafishwa, hukaushwa kwa alkoholi, kisha rezini nyepesi sana hunywewa na vijitundu na kugandishwa kwa taa. Hakuna sindano ya ganzi, hakuna kuchonga. Kinachoondoka ni tabaka la enameli jembamba mno la juu ya doa. Jino langu la kulia lilimalizwa kwa kikao kimoja.

Ngazi nyingine za chini zipo, na daktari makini huzipitia kabla hajafika kwenye kauri. Kama shida ni umanjano wa meno yote kwa jumla, kung'arisha kwa jeli ya peroksaidi kunaweza kutosha. Kipande kidogo kilichomeguka ncha wakati mwingine huhitaji kulainishwa tu, au kujaziwa kompoziti, kijazo cha rezini chenye rangi ya jino, siku hiyohiyo. Madoa ya kahawia ya juu juu huweza kuondolewa kwa kusugua kwa mchanganyiko wa asidi hafifu na chembechembe za kukwaruza, na mara nyingi doa la fluoridi ambalo mtu alishalikatia tamaa huishia hapo. Kompoziti hupoteza mng'aro na kubadilika rangi mapema kuliko kauri, hilo ni kweli, lakini hurekebishwa kwa urahisi na mara nyingi haidai jino lichongwe. Kwa kijana wa miaka 16 mwenye jino lililomeguka, ningemchagulia kompoziti bila kusita. Neva ya jino lake bado ni pana na ufizi wake bado unabadilika mahali. Kauri anaweza kuijia baadaye, ila enameli aliyoiondoa leo haiji tena.

Naongeza hapa jambo linalosahaulika: kama unataka kung'arisha meno, ng'arisha kwanza, kisha subiri kama wiki 2 kabla ya kubandika chochote. Kuna sababu mbili. Oksijeni inayobaki ndani ya jino baada ya peroksaidi huizuia rezini kugandika vizuri. Na kauri haing'ai kwa peroksaidi, kwa hiyo vinia ikishawekwa ndiyo rangi yake hiyo, na ukibadilisha meno mengine baadaye itabaki peke yake.

Jino langu la kushoto halikukubali njia hizo. Doa la kahawia lilikuwa limeingia chini sana, na vishimo vilikuwa vimeharibu umbo la uso wenyewe, hivyo hata rangi ingefutika, mwanga ungeendelea kuvunjika pale. Kompoziti niliwahi kujaziwa ujanani, ikawa inabadilika rangi pembeni, inasuguliwa, inabadilika tena. Hapo ndipo vinia ya kauri inapostahili kuchaguliwa: kasoro inayohusu rangi na umbo kwa pamoja, kwenye uso wa mbele, jino likiwa hai na zima, enameli inayolizunguka ikiwa bado nyingi, fizi zikiwa na afya. Inafaa vilevile kwa jino dogo la pembeni lililoota likiwa na umbo la kigingi, kwa ncha zilizolika, na kwa mianya midogo ambayo mwenyewe hapendi kuwa nayo. Fizi zinazotoka damu hutibiwa kwanza. Jino lenye tundu huzibwa kwanza. Anayesaga meno usiku hutengenezewa kinga ya kuvaa akilala, na akikataa kuivaa, ni bora daktari akatae kumwekea.

Rangi ilichaguliwa mwanzoni kabisa mwa kikao, meno yakiwa na mate yake, kwa sababu jino likikaa wazi dakika chache hukauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo. Hili ni jambo la kulikagua mwenyewe: ukiona rangi inachaguliwa baada ya jino kuchongwa na kukaushwa, sema. Fundi wa maabara alikuja mwenyewe na kibao chake cha sampuli za rangi, akalitazama jino la kulia dirishani, kisha chini ya taa, akachora kwenye karatasi mahali penye mstari wa uangavu karibu na ncha na mahali panapoelekea manjano karibu na ufizi. Jino moja la mbele ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani hii, kwa sababu jicho la mtu lina jino la pili hapohapo la kulinganisha. Vinia sita zikifanana zenyewe kwa zenyewe hakuna atakayegundua kwamba rangi imekosewa kidogo. Moja haina pa kujificha. Alichagua kauri ya felsipa, inayojengwa kwa mkono tabaka kwa tabaka na kuchomwa kwenye tanuri. Ni dhaifu kuliko ile ya lithiamu disiliketi, lakini huigiza vizuri namna mwanga unavyopita ndani ya jino halisi, na kwa jino lisilobeba mzigo mkubwa inatosha.

Kabla ya kuchonga chochote, umbo jipya lilitengenezwa kwa nta juu ya plasta ya meno yangu, likahamishiwa mdomoni kwa plastiki ya muda. Nikaambiwa nizungumze. Ncha ya meno ya juu hugusa mdomo wa chini tunapotamka F na V, na ikizidi urefu kidogo tu, "fungua" na "vuka" zinatoka na upepo usiohitajika. Yangu ilizidi. Ikapunguzwa nusu milimita, maneno yakarudi sawa. Ukipewa nafasi ya majaribio haya usione aibu: soma kwa sauti, cheka, hesabu mpaka 60, jitazame ukiwa umesimama mbali na kioo. Hapo bado jino lako ni zima na unaweza kubadili mawazo.

Uchongaji ulifanywa kupitia juu ya plastiki ileile, kwa ncha yenye mifereji inayozama kina kilichopimwa tu. Faida yake ni kwamba daktari hachongi kwa kubahatisha: mahali ambapo umbo jipya tayari limetokeza nje ya jino, enameli haiguswi kabisa, na kinachopunguzwa ni pale tu ambapo kauri inahitaji nafasi. Kwenye doa ilibidi azame zaidi kidogo, maana rangi ya kahawia ingejitokeza chini ya ganda jembamba. Pembeni alibaki ndani ya enameli mzunguko wote, na alinionyesha kwenye picha aliyoikuza: ukingo mweupe usiokatika kuzunguka kiini cha manjano kidogo. Ukingo huo ndio nilioufuata kliniki mpaka kliniki.

Siku ya kubandika, vinia ilijaribiwa kwanza kwa jeli ya rangi inayooshwa kwa maji, ili kuona gundi ya rangi gani italipatia jino sura inayotakiwa. Ganda likiwa jembamba hivyo, rangi ya gundi hubadilisha kila kitu. Usikubali ibandikwe kabla hujaitazama kwa mwanga wa dirishani. Mengine yalikwenda kwa mpangilio: mpira wa kutenga jino na mate, asidi kwenye enameli mpaka ikapoteza mng'aro, suuza, kausha, dawa ya kuunganisha, gundi, ganda likasukumwa taratibu kwa kidole, gundi iliyozidi ikafutwa, taa ya buluu. Uzi ukapitishwa pande zote mbili kuhakikisha hakuna gundi iliyobaki kati ya meno, na karatasi ya rangi ikapita kupima namna ninavyouma. Gundi iliyosahaulika chini ya ufizi huwa chanzo cha uvimbe unaoendelea kwa miezi, kwa hiyo ufizi ukibaki mwekundu na wenye kutoka damu wiki kadhaa baadaye, rudi.

Sasa kuhusu kuishi nayo. Ninapiga mswaki wenye nywele laini na dawa yenye fluoridi isiyo na makwaruzo mengi, na ninapitisha uzi. Kauri haiozi, ila jino lililo nyuma yake linaoza kama jino lolote, na mahali pa kuanzia ni pale ukingo wa kauri unapokutana na enameli. Siumi kucha, sifungui chochote kwa meno. Kauri yenyewe haishiki rangi ya chai wala kahawa kirahisi, lakini mstari wa gundi unaweza kuonekana baada ya miaka, hasa ufizi ukishuka. Kipande kikimeguka, kidogo huweza kuzibwa kwa kompoziti. Kikubwa, vinia hubadilishwa. Na ndiyo, itabadilishwa siku moja kama nitajaliwa umri mrefu. Mtu anayewekewa akiwa na miaka 25 anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba huenda akahitaji kuirudia mara moja au zaidi maishani, na kwamba kila urudiaji huwa na hatari ya kuondoa jino kidogo zaidi, kwa sababu kauri ya zamani husagwa ili itoke, na mpaka kati ya kauri, gundi na enameli hauonekani kirahisi kwa macho.

Kwa sababu hiyo omba kumbukumbu za maandishi kabla hujaondoka kliniki: aina ya kauri, rangi iliyochaguliwa, jina na rangi ya gundi, unene wa ganda, tarehe, na picha za jino kabla halijaguswa, lilipochongwa na lilipomalizika. Daktari atakayeivua vinia hiyo huenda asiwe yuleyule aliyeiweka. Akizipata, atajua kina alichofika mwenzake na enameli iliyobaki, na anaweza kuanza kusaga akijua mahali pa kusimama.